Wazee, ofisi ya watoto, msaada wa bure au wakili: upige hodi wapi kwanza, na useme nini

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwa wakili mmoja katikati ya jiji. Ada ya ushauri tulikuwa tumeilipa kwa kuchangishana. Dada alizungumza kwa dakika 40: jinsi shemeji alivyobadilika, maneno ya mama mkwe, aibu aliyoipata kanisani. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, mlioana lini, na ndoa yenu ni ya aina gani?" Dada akanigeukia mimi. Mahari ilipelekwa, hilo tulilijua sote, lakini mwaka hatukuukumbuka, na picha za siku ile zilikuwa kwa shangazi. Saa yetu ikaisha tukiwa bado tunahesabu vidole.

Wiki mbili baadaye kikaitishwa kikao cha wazee. Safari hii dada, akiwa amejifunza, alikuja na tarehe zote, namba ya hati ya ploti na kiasi kilichobaki benki. Kabla jua la kesho yake halijatua, kila kitu kilikuwa kimefika kwa wakwe.

Hakuna aliyemshauri vibaya kati ya hao wawili. Dada alipeleka machozi palipohitaji tarehe, akapeleka tarehe palipohitaji machozi. Tangu hapo nimewasindikiza watu wengi, majirani na watu wa ukoo, na naona kosa hilo likijirudia. Mtu hukaa miezi akijiuliza aende wapi kati ya wazee, ofisi ya watoto, mashirika ya msaada wa kisheria na wakili wa kulipwa. Akiamua, huingia kote kwa mdomo uleule. Ndiyo maana nimeandika haya nikiilinganisha milango yote minne ya hapa Nairobi.

Vipimo vyangu

Kila mlango nitaupima kwa mambo manne. Kwanza gharama, na nauli na muda vimo humo. Pili siri: ukisema neno, litaishia wapi? Tatu nguvu: wanaokusikiliza wanaweza kumlazimisha mwenzako kufanya jambo, au wanaweza kumwomba tu? Nne adabu, yaani unavyopaswa kuingia, kuzungumza na kutoka. Watu wengi huidharau hii ya nne, lakini mimi nimeona watu wenye haki kamili wakikosa msaada kwa sababu yake.

Kabla ya yote, jambo moja haliingii katika ulinganisho huu. Ukiwa umepigwa, unatishiwa maisha, au mtoto yuko hatarini sasa hivi, usianze kuchagua kati ya hii minne. Nenda hospitali, nenda dawati la jinsia la kituo cha polisi kilicho karibu, piga 1195 kwa dhuluma za kijinsia au 116 kwa mambo ya watoto. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inaipa korti uwezo wa kutoa amri ya kukukinga. Kikao cha familia kinaweza kungoja. Na mjomba akikuambia kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje, mheshimu kwa kutomjibu, kisha uende.

Wazee na kikao cha familia

Kikao hakina bei ubaoni, lakini si cha bure. Kuna nauli ya ami kutoka mashambani, kuna chakula cha watu kumi na wawili pale nyumbani Umoja au Kawangware, na katika jamii nyingine kuna mbuzi au kinywaji kinachotangulia maneno. Afadhali ujue mapema nani anagharamia, maana kugombana juu ya soda huharibu kikao kabla hakijaanza.

Siri ni haba. Wazee hawafungwi na kiapo chochote cha kunyamaza, na kila mmoja ana mke, kaka na simu. Hesabu kwamba kila ulichokisema kitamfikia mwenzako kikiwa kimeongezwa chumvi.

Nguvu yao ni ya heshima, na heshima ina uzito. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Mahakama iendeleze njia za upatanisho, zikiwemo za kijadi, mradi zisikiuke haki za binadamu wala kuleta dhuluma. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inawaruhusu walioana kimila kupitia usuluhishi wa kijadi kabla korti haijaamua kuhusu talaka yao. Lakini talaka yenyewe, hata ya kimila, hutolewa na korti. Kurudisha mahari hakumalizi ndoa mbele ya sheria ya sasa, na wapo watu waliooa au kuolewa tena wakidhani wako huru.

Adabu ya kikao ndiyo ngumu kuliko zote. Usijisemee mwanzoni. Tafuta msemaji, mtu wa upande wako anayeheshimika, umweleze faraghani unachotaka kwa sentensi moja: kwamba nataka arudi nyumbani, au nataka alipe karo, au nataka tuachane kwa amani. Mwache mkubwa aanze. Usimtukane mkwe hata kama ana makosa, kwa sababu wazee watayasahau makosa yake wakahukumu ulimi wako. Ikiwa wewe ni mwanamke na wote walioketi ni wanaume, omba shangazi aitwe, na uliombe hilo kabla ya siku ya kikao. Hati za mali ziache nyumbani. Mkikubaliana, liandikwe jambo hilo siku hiyohiyo na waliokuwepo watie sahihi. Makubaliano ya mdomo huwa na wazazi wengi siku ya kwanza, na baada ya mwezi hayana hata mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kuingia kwa wazee kwa upole, na watu wa mjini huisahau. Ikiwa ndoa yako ni ya kimila na hukuisajili, basi waliokula na kunywa siku ya mahari ndio ushahidi wako. Siku utakapohitaji kuthibitisha kortini kwamba uliolewa, utamhitaji yule ami uliyemfokea. Dada yangu alilijua hilo kwa uchungu.

Mlango huu unamfaa anayetaka nyumba isimame, mwenye ugomvi wa heshima au wa wakwe, na ndugu waliofiwa ambao bado wanazungumza na wanataka kukubaliana kabla ya kwenda korti ya mirathi. Haumfai mtu ambaye mwenzake anaficha mali, wala yule anayepigwa.

Ofisi ya watoto, na chifu kwa ufupi

Idara ya Huduma za Watoto ina maofisa katika kaunti ndogo, na huduma yao hailipiwi. Gharama ni foleni na siku ya kazi unayoipoteza, jambo zito kwa fundi wa Gikomba au mama mboga wa Dandora.

Ofisa anaweza kumwita mzazi mwenzako, akawaketisha, akawasaidia kuandika makubaliano ya majukumu ya wazazi: nani anakaa na mtoto, nani analipa nini, na mtoto anamwona mzazi wa pili lini. Amri ya korti hawezi kuitoa. Mwenzako akigoma kabisa, njia itaendelea hadi Mahakama ya Watoto, ya Milimani au nyingine iliyo karibu nawe.

Kuhusu siri, elewa kitu kimoja. Ofisa huyo si wakili wako wala si wa mwenzako. Anasimama upande wa mtoto, na korti inaweza kumwagiza aandike ripoti kuhusu hali ya nyumbani. Unayoyasema, na namna unavyoyasema, yanaweza kusomwa mbele ya hakimu. Sisemi hivi ili udanganye. Nasema hivi ili usitumie nusu saa kumponda mwenzako wakati ofisa anataka kujua mtoto anasoma wapi, analala wapi, na mara ya mwisho kupelekwa hospitali ilikuwa lini.

Adabu yake basi ni hii. Fika na cheti cha kuzaliwa, karatasi ya karo, stakabadhi za hospitali na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kilichotumwa na kisichotumwa. Mtaje mwenzako kama baba wa mtoto au mama wa mtoto, usimpe majina ya kejeli. Usimlete mtoto akasikilize, isipokuwa ofisa amemwita. Wala usimfundishe cha kusema. Maofisa hawa wamezoea kuzungumza na watoto, na hutambua upesi maneno ya mtu mzima kwenye kinywa cha mtoto wa miaka 7.

Wanaume wengi hudhani ofisi hii ni ya akina mama. Si kweli. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huohuo. Baba anayenyimwa kumwona mwanawe ana haki ya kuketi kwenye benchi lile, na nimewaona waliotoka na ratiba iliyoandikwa.

Unamfaa mzazi ambaye shida yake ni matunzo, malezi au kumwona mtoto, na mwenzake bado ana aibu kidogo ya kuitwa ofisini. Mwenye ugomvi wa shamba au talaka atapoteza siku yake hapo.

Chifu naye ana sehemu yake. Kwenye mirathi, korti kwa kawaida hutaka barua ya chifu inayowataja warithi wa marehemu. Nenda kwake na majina yote, pamoja na ya watoto waliozaliwa nje ya nyumba. Kumwomba chifu aache jina la mtu ni kumwingiza mtumishi wa umma kwenye uongo wako, na jina lililoachwa nje ndilo litakaloibuka na pingamizi kortini.

Mashirika ya msaada wa kisheria

FIDA Kenya ilianzishwa mwaka 1985, mwaka ambao Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, na kazi yake kubwa ni kuwasaidia wanawake na watoto wao. Kituo cha Sheria ni cha tangu 1973 na huwasaidia wasio na uwezo, wanaume kwa wanawake. Upande wa serikali ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Chama cha Mawakili nchini, LSK, nacho huwa na wiki yake ya uhamasisho ambapo mawakili huketi Milimani na kuwashauri watu bila malipo.

Ushauri ni bure, lakini muda ni mrefu na wahitaji ni wengi. Huenda ukaambiwa kwamba kesi yako haimo katika wanazozichukua, au kwamba una kipato cha kutosha kujilipia. Usikasirike. Uliza waziwazi, "Kama si nyinyi, mnanielekeza wapi?" Hilo swali limewafaa wengi niliowasindikiza kuliko malalamiko yote waliyokuwa wameyaandaa.

Siri ni nzuri kuliko kwa wazee na kuliko ofisi ya watoto, hasa ukishaketi na wakili wa shirika. Mapokezini sivyo. Foleni ina masikio, na mtaa mmoja unaweza kukutana pale. Hapo mapokezini sema tu, "Nina shida ya matunzo," au "Ni mambo ya urithi." Mengine yaweke ya chumba cha ndani.

Nguvu inategemea. Wanaweza kukuandikia barua, kuwapatanisha, kukuandalia nyaraka za korti, na katika kesi chache kukuwakilisha. FIDA pia imekuwa ikiwafundisha wanawake kujiwakilisha wenyewe, na mimi nawaheshimu sana wanaokubali njia hiyo. Nimemwona mama aliyeacha shule darasa la saba akisimama mbele ya hakimu na karatasi zake zimepangwa kwa tarehe, akajibu kila swali bila kutetemeka.

Adabu: sema kweli kuhusu kipato chako, maana nafasi unayoipata kwa uongo imemtoka mtu mwingine. Ikiwa una wakili tayari, au umekwenda shirika jingine, litaje hilo mwanzo. Kuwapa watu watatu kazi moja kisirisiri huwafanya wote watatu waiache. Ukipewa siku ya kurudi, rudi, na ukishindwa piga simu.

Unamfaa mwenye haki iliyo wazi na mfuko mtupu, na mwenye subira. Anayehitaji zuio kortini kabla ya Ijumaa huenda akachelewa.

Wakili wa kulipwa

Hapa bei ndiyo kizuizi. Ada za mawakili zina kanuni ya kisheria inayoweka viwango, lakini ada ya ushauri hutofautiana kati ya ofisi ya ghorofani Upper Hill na ya juu ya duka huko Eastlands. Ulizia kwa simu kabla ya kwenda: ushauri ni kiasi gani, kwa muda gani, na je, ada za korti zimo ndani? Hakuna aibu katika kuuliza bei, na wakili anayekasirishwa na swali hilo amekuonyesha mapema jinsi mtakavyoishi. Dai risiti. Dai makubaliano ya maandishi. Na kabla ya kulipa, hakikisha kupitia LSK kwamba ana cheti cha kufanya kazi mwaka huo, kwa sababu hutolewa upya kila mwaka.

Siri ndiyo unayoilipia. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamzuia wakili kufichua uliyomweleza akiwa kazini kwako bila idhini yako, isipokuwa ulikuwa unatafuta msaada wa kutenda uovu. Kwa hiyo hapa, na hapa zaidi ya kote, sema hata lile linalokuumiza. Una mtoto wa nje? Sema. Uliuza gari la familia? Sema. Wewe ndiye uliyeondoka nyumbani? Sema. Upande wa pili utalisema kortini, na wakili anayelisikia huko kwa mara ya kwanza hawezi kukutetea.

Epuka pia ile hadithi ya "rafiki yangu ana shida." Wakili ataitambua, na ushauri wa rafiki wa kubuni hautoshi shida ya mtu halisi. Usiende kwa mawakili watano ukibadilisha kisa hadi upate jibu unalolitaka. Na binamu yako aliyesomea sheria usimkamate kwenye mazishi au ndani ya matatu ya kwenda nyumbani. Mwombe siku, umpelekee karatasi, umlipe hata kidogo. Usitarajie wakili mmoja awawakilishe nyote wawili mnaogombana.

Kwa nini wakili hung'ang'ania tarehe na risiti? Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi inayojulikana kwa herufi JOO na MBO, kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi kila mmoja achukue nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia mchango usio wa pesa: kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia. Mama aliyekaa nyumbani miaka 15 ana mchango, ila lazima aueleze kwa miaka na mambo. Tazama pia zile herufi. Katika ripoti ya kesi, majina ya wenye kesi yamefupishwa kuwa herufi. Nawe ukisimulia shida yako mahali popote penye masikio mengi, fanya hivyohivyo, hasa kwa majina ya watoto na shule yao.

Wakili anamfaa mwenye mali ya kugawanywa, talaka inayopingwa, urithi wenye nyumba mbili, yaani familia za wake wawili, au jambo la dharura. Mwenye ugomvi wa karo ya muhula mmoja anaweza kumlipa wakili zaidi ya karo yenyewe.

Milango miwili ya pembeni

Ikiwa nyote ni Waislamu na mnaikubali mamlaka yake, Mahakama ya Kadhi inasikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi chini ya Kifungu cha 170 cha Katiba. Na kesi ikishafika kortini inaweza kupelekwa kwa msuluhishi. Utaratibu huo ulianza kwa majaribio mwaka 2016 katika vitengo vya familia na biashara vya Mahakama Kuu, Milimani. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni ya siri, na mkikubaliana makubaliano hugeuzwa kuwa amri ya korti. Nenda ukiwa umeamua unachoweza kukiachilia.

Karatasi moja

Popote uendapo, andika ukurasa mmoja usiku uliotangulia: tarehe ya ndoa na aina yake, majina na umri wa watoto, mali na jina lililo kwenye hati, tukio la mwisho, na swali moja. "Baba alituma pesa mara ya mwisho Machi, karo ni ya watoto wawili, nifanye nini alipe?" ni swali. "Kwa nini ananitenda hivi?" ni kilio halali, na kina wa kukisikiliza, lakini hakuna ofisa wala wakili anayeweza kukijibu.

Kwa hali yako

Mwenzako haleti matunzo lakini mnazungumza: anza ofisi ya watoto, na uwaarifu wazee kwa heshima bila kuwaachia uamuzi.

Umegundua mumeo au mkeo anatafuta mnunuzi wa nyumba mnayoishi: usiitishe kikao, kwa sababu utampa muda. Tafuta wakili juma hilohilo akuelekeze kuhusu kuweka zuio kwenye hati. Mali ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi bila idhini ya mwenzake, lakini ni rahisi zaidi kuzuia mauzo kuliko kuyarudisha.

Umefiwa na mume na ndugu zake wanakusanya kodi za vyumba: barua ya chifu kwanza, kisha shirika la msaada au wakili. Sheria ya Mirathi, Kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa kwa yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Mwambie hivyo shemeji kwa sauti ya chini, mbele ya shahidi.

Uliolewa kimila, huna cheti, na unataka kuondoka: watembelee wazee waliokuwepo, uwasalimie, uwaombe wakumbuke siku na mwaka, na picha zilizo kwa shangazi uzichukue nakala. Usiwaambie kuhusu ploti. Ukishapata hivyo, nenda kwa wakili au FIDA ukiwa na karatasi yako mkononi.